Nani Huuamuru Mji wa Mimba?
Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ulaya waliotazama kwa hadubini ukuta wa ndani wa mji wa mimba waliuhesabu kuwa mgonjwa kila walipoukuta umenenepa na tezi zake zimejikunja, hata wanawake wengi wazima wakatibiwa maradhi wasiyokuwa nayo. Mwaka 1908, Fritz Hitschmann na Ludwig Adler wa Vienna walilinganisha vipande vya ukuta huo na tarehe za hedhi za wanawake wenyewe, wakabaini kwamba kilichodhaniwa ugonjwa kilikuwa hatua ya kawaida ya mwezi.

Homoni za ovari zinazoongoza mabadiliko hayo ya kila mwezi, yaani estrojeni inayoukuza ukuta huo na projesteroni inayouandaa kupokea mimba, zilipatikana zikiwa safi kati ya 1929 na 1934, lakini namna seli zinavyozitii haikujulikana, na wanabiokemia wengi waliamini kwamba estrojeni hufanya kazi kwa kugeuzwa na vimeng'enya. Elwood Jensen na Herbert Jacobson, wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliitia estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, alama ya tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, kisha wakawadunga panya wachanga wa kike. Misuli iliiachia upesi, ilhali mji wa mimba uliing'ang'ania kwa saa kadhaa bila kuibadilisha. Ilibidi basi pawepo kitu cha kuishika, nacho ni kipokezi, protini ambayo ikikamatana na homoni huamsha jeni ndani ya kiini cha seli. Jensen aliyatangaza matokeo ya majaribio hayo mwaka 1958, tena Vienna, mbele ya wasikilizaji wachache mno kwa ugunduzi wa uzito huo.

Mwaka 1975, tafiti za Marekani zilionyesha kwamba wanawake waliokoma hedhi na kupewa estrojeni peke yake walipata zaidi saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba, ndipo dawa za jamii ya projesteroni zikaanza kuambatanishwa nayo. Sababu ya kinga hiyo ilidhihirika kwa panya mwaka 2011: projesteroni huziagiza seli za tabaka la chini kutengeneza protini iitwayo Hand2, nayo huzima vichocheo ambavyo vingezifanya seli za juu ziongezeke. Katika endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na ukuta huo huota nje ya mji wa mimba, mwitikio kwa projesteroni mara nyingi huwa dhaifu, ndiyo maana vidonge vya jamii hiyo huwafaa baadhi ya wagonjwa na kuwashinda wengine.