Jiko la Udongo na Kura Yangu ya Hapana

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya kugawa fedha za utafiti katika chuo kimoja hapa nchini. Mhandisi kijana alituletea andiko: alitaka kukaa mwaka mzima na wahunzi na wafinyanzi ili aboreshe majiko ya mkaa. Tulilikataa. Hoja yetu ilikuwa kwamba kushinda sokoni na mafundi si utafiti. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha historia, niliinua mkono pamoja na wenzangu. Kijana yule leo anauza viyoyozi vinavyoagizwa kutoka nje. Laiti ningeikumbuka siku ile historia ninayoisimulia hapa, nisingeuinua mkono wangu.

Jiko la bati tulilolizoea Afrika Mashariki husemekana kuwa lililetwa na vibarua wa Kihindi waliojenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria mwishoni mwa karne ya 19. Ni jepesi na la bei nafuu, lakini linakula mkaa bila huruma. Ubavu wake ni bati tupu, hivyo joto jingi hupotelea hewani. Kinachofika kwenye sufuria ni kati ya asilimia 10 na 20 tu. Kwa miongo mingi hasara hiyo ilikuwa shida ya mpishi na mfuko wake, si shida ya serikali. Mambo yalibadilika bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973 na tena 1979, huku miji ikipanuka na misitu ikirudi nyuma. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya Nairobi mkutano kuhusu vyanzo vipya vya nishati na nishati jadidifu. Jiko likapanda jukwaani.

Wazo la kuliboresha lilitoka Thailand, ambako watu walipikia jiko lenye umbo la ndoo, lililojengewa ndani kwa udongo uliochomwa. Udongo huzuia joto lisitoroke. Nchini Kenya kazi ya kuliiga ilifanywa chini ya mradi wa nishati jadidifu uliofadhiliwa na Marekani, kwa kushirikiana na shirika la KENGO na wabunifu kama Maxwell Kinyanjui. Lakini ndoo ile haikufaa kama ilivyokuwa. Ilikuwa nzito, ghali, na nyembamba chini. Anayesonga ugali huukaza mwiko kwa nguvu za mabega. Jiko lenye kitako chembamba humyumbia, na kuyumba huko ni moto miguuni.

Majibu yalipatikana kwa wapishi waliopewa majiko kuyajaribu na kwa mafundi wa jua kali wa maeneo kama Shauri Moyo, wanaofua madebe na mabati chakavu tangu asubuhi hadi jioni. Kiuno cha jiko kikabanwa katikati, kitako kikatanuliwa, na udongo ukabaki nusu ya juu tu, pale penye moto. Jiko likawa jepesi, likasimama imara na likapungua gharama. Sehemu ya joto inayofika kwenye sufuria ikapanda hadi kati ya asilimia 25 na 40.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi mimi kama mwanahistoria. Majiko ya kwanza yaliuzwa takriban dola 15 za Marekani, bei ambayo familia za kipato cha chini hazikuiweza. Wenye mradi hawakuishusha kwa ruzuku. Walifundisha mafundi, kisha wakaacha kila fundi anayeweza kulitengeneza alitengeneze, bila hataza ya kumzuia. Mfinyanzi alichoma vikombe vya udongo, mhunzi akafua bati, mwingine akaunganisha kwa saruji, mchuuzi akapeleka mitaani. Ushindani ukashusha bei hadi dola chache tu. Kasoro zilikuwapo: mafundi wengine waliuza udongo usioiva vizuri, ukapasuka mapema, na wanunuzi wakavunjika moyo. Hata hivyo, kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya majiko 700,000 yalikuwa yakitumika Kenya, na ndugu zake walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kuja kwetu na kwa majirani wengine.

Sidai kwamba jiko lile limemaliza kazi. Mkaa ni mkaa: hewa yake ni ya sumu katika chumba kilichofungwa, na mti uliokatwa umekatwa. Ndiyo maana Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Swali langu kwa watumishi wa umma watakaolitekeleza ni hili: nani atayatengeneza majiko hayo, atayakarabati nani yakiharibika Namtumbo au Kakonko, na nani atakaa na mpishi kumwuliza kwa nini amelirudisha lile la zamani jikoni?

Wanafunzi huniuliza kama uhandisi wa teknolojia endelevu ni kazi yenye mustakabali. Wengi wao hufikiria paneli za jua, maabara yenye kiyoyozi na mkutano wa kimataifa. Hayo yapo na yana nafasi yake. Lakini ushahidi wa Shauri Moyo unaonesha kwamba sehemu ngumu ya kazi hiyo ni kuvumilia kusahihishwa: na mama anayesonga ugali, na mhunzi asiye na cheti, na bei ya sokoni. Mhandisi asiyeweza kuketi juu ya gogo akafundishwa, hata akiwa na shahada tatu, atajenga vitu vitakavyoota kutu stoo.

Vijana wa kuketi juu ya gogo tunao. Tatizo liko kwetu sisi tunaoinua mikono. Taratibu zetu za kupandisha vyeo huhesabu makala zilizochapishwa. Chombo kinachotumiwa na kaya elfu moja hakihesabiwi popote. Mafunzo kwa vitendo huwapeleka wanafunzi wa uhandisi ofisini kupanga mafaili, ilhali karakana za mtaani ziko umbali wa daladala moja. Haya hayahitaji mfadhili wala sheria mpya. Yanahitaji kamati kama ile yangu zibadili vigezo vyake, na wanafunzi na wanaharakati wazidai zifanye hivyo.

Nilimtafuta yule kijana mwezi uliopita nikamwomba radhi. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia, "Nimekuelewa, mwalimu. Ila sasa nina watoto wawili shuleni." Sikuwa na jibu. Andiko lake bado ninalo, na muhula ujao wanafunzi wangu watalisoma kabla ya kusoma kitu kingine chochote.