Simu Mpya Kila Mwaka: Uvumbuzi au Toleo? Mafunzo ya Mpakani Busia na Tororo

Wahenga wetu walinena kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya simu, lakini hapana biashara inayoithibitisha siku hizi kuliko biashara ya simu. Kila mwaka, aghalabu mwezi wa Septemba, kampuni ya Apple hutoa iPhone mpya. Kampuni ya Samsung nayo hutoa Galaxy S yake katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Na wengineo hufuata. Kila simu itolewayo hutangazwa kuwa ni uvumbuzi mkubwa. Katika makala haya tunakusudia kuuliza kama dai hilo ni la kweli, na tutalipima kwa historia ya miji ya Busia na Tororo, penye mpaka wa Kenya na Uganda. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu wenyeji wake waliwahi kuipa Afrika ya Mashariki uvumbuzi wa kweli, tena kwa kutumia chombo kikuukuu.

Maneno kwanza

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kuanza na maneno. Kuvumbua ni kukidhihirisha kilichokuwa kimefichika. Kubuni ni kuunda kwa akili jambo ambalo halikuwako. Toleo ni kitu kingine. Toleo ni kile kitolewacho kwa zamu, kama toleo la gazeti: laweza kuwa na habari mpya, na laweza kuwa marudio ya habari za jana.

Neno simu lenyewe lina mafunzo. Asili yake ni Kiajemi, ambako sim ni waya. Wazee wetu walilitumia kwa habari zilizopelekwa kwa waya, kisha kwa chombo cha kuzungumzia. Leo waya umetoweka na jina limebaki. Basi jina laweza kudumu hali kitu kimegeuka kabisa. Na kinyume chake hutokea pia, jina likageuzwa kila mwaka hali kitu ni kile kile. Kwa hiyo tusihukumu kwa jina wala kwa tarakimu iliyoongezwa nyuma ya jina. Kipimo chetu kiwe hiki: uvumbuzi ni jambo linalomwezesha mtu kufanya leo alichokuwa hawezi kukifanya jana.

Baiskeli ya mpakani

Mpaka tunaouzungumzia si wa kale. Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza iliuondoa Mkoa wa Mashariki katika himaya ya Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Kwa hiyo mpaka ulisogezwa kuelekea magharibi, na Wasamia na Wateso wakajikuta wako pande zote mbili. Reli iliyopita Malaba na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na watu na mizigo walipita kama kawaida. Baada ya Uganda kupata uhuru mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963, mstari uliokuwa wa utawala ukawa mstari wa mataifa mawili.

Hapo pakazuka shida ndogo iliyozaa jambo kubwa. Kati ya kituo cha forodha cha upande huu na kile cha upande wa pili palikuwa na kipande cha njia ambacho gari lisilo na hati halikuweza kukipita. Msafiri aliteremka na mizigo yake, akaenda kwa miguu juani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliiona shida hiyo wakaifanya kazi. Walichukua keria, chuma cha kubebea mizigo nyuma ya baiskeli, wakafunga juu yake mto laini, wakawapandisha abiria. Wateja waliitwa kwa neno la Kiingereza la mpaka, lililotamkwa mara mbili: boda, boda. Hawakuwabeba wasafiri peke yao, maana magendo nayo yalistawi sana katika siku za utawala wa Idi Amin, wakati bidhaa zilipoadimika Uganda.

Tuitazame baiskeli yenyewe. Umbo lake, lenye magurudumu mawili yaliyolingana na mnyororo unaolivuta lile la nyuma, lilitokana na kazi ya John Kemp Starley wa Uingereza mwaka 1885. Tairi la upepo alilibuni John Boyd Dunlop mwaka 1888. Toka hapo hadi kijana wa Busia alipoipanda ilikuwa imepita karibu miaka themanini, na baiskeli haikuwa imebadilika sana. Kiwanda hakikuwa kimetoa baiskeli ya abiria. Uvumbuzi ulikuwa ni mto mmoja, na akili iliyoona mahali pa kuuweka. Kazi ile ilienea Uganda na Kenya, ikapata nguvu zaidi pale pikipiki zilipoingia, hasa baada ya Kenya kuondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008. Tarehe 24 Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walikizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Shida ya zamani imepungua, lakini neno bodaboda linasikika kutoka Kampala hadi Dar es Salaam.

Simu yafika mpakani

Hadi mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, huduma za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja. Baada ya hapo kila nchi ilikwenda njia yake, ijapokuwa namba fupi za kupigiana zilidumu baina ya nchi hizi tatu: 005 kwa Kenya, 006 kwa Uganda na 007 kwa Tanzania. Simu za mkononi zilipokuja, Celtel ilianza Uganda mwaka 1995 na MTN ikafuata mwaka 1998. Kenya soko lilifunguka hasa mwaka 2000, Safaricom na KenCell ziliposhindana.

Mawimbi ya simu hayasimami kwenye kizuizi cha forodha. Mchuuzi wa Busia aliweza kuzipata kampuni za nchi zote mbili akiwa amesimama mahali pamoja, lakini kumpigia jirani wa ng'ambo ya barabara kulihesabiwa kuwa ni kupiga simu nchi ya kigeni, na gharama yake ilikuwa juu. Basi akajifunza kubeba laini mbili: ama simu mbili mfukoni, ama simu moja inayofunguliwa mgongo kila mara ili laini ibadilishwe. Hapa tena haja ilitangulia kiwanda. Simu zenye nafasi ya laini mbili zilienea kutoka China katika miaka ya mwisho ya 2000, zikiwamo Tecno za kampuni ya Transsion iliyoanzishwa mwaka 2006. iPhone haikuwa na uwezo huo hadi mwaka 2018, nayo ikautangaza kuwa jambo jipya. Kwa wachuuzi wa Busia jambo hilo lilikuwa limekwisha kuwa la kila siku.

Mfano wa pili ni Nokia 1100 ya mwaka 2003. Haikuwa na kamera wala rangi. Ilikuwa na tochi, na vibonye vilivyofunikwa ili vumbi lisipenye. Katika vijiji visivyo na umeme, tochi ile ilimwezesha mtu kufanya usiku alichokuwa hawezi kukifanya jana yake. Simu hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na Wakenya wakazipa simu za aina hiyo jina la mulika mwizi.

Mfano wa tatu ni mkubwa kuliko yote, nao umo katika mwaka mmoja. Tarehe 9 Januari 2007, mjini San Francisco, Steve Jobs aliionyesha dunia iPhone ya kwanza. Tarehe 6 Machi mwaka huo huo Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. Hatukatai kwamba kioo cha kuguswa kwa kidole kilikuwa uvumbuzi. Lakini M-Pesa haikudai simu mpya. Ilifanya kazi ndani ya laini na kwa ujumbe mfupi, katika simu yoyote ya bei ndogo, na mtu asiye na akaunti ya benki akaweza kumtumia mama yake fedha kijijini. Tena wazo lenyewe lilikuwa na mizizi kwa watumiaji. Uganda, kabla ya MTN kuanzisha huduma yake ya fedha mwaka 2009, mtu wa mjini alinunua vocha, akampigia mwenye simu ya kijijini na kumsomea tarakimu zake. Mwenye simu akaitumia vocha ile, na akampa jamaa wa mpigaji fedha taslimu baada ya kukata chake. Hapana kiwanda kilichowafundisha watu hao.

Yafaa tuongeze mfano usiohusu chombo hata kidogo. Septemba 2006 Celtel iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania ziwe mtandao mmoja, na mteja wake akaweza kuvuka mpaka bila kutozwa gharama za kigeni. Simu ya mchuuzi haikuongezewa hata msumari; uamuzi tu ulifanywa kuhusu bei.

Desturi ya toleo la kila mwaka

Desturi ya kutoa kitu kipya kila mwaka haikuanza na simu. Henry Ford alitengeneza gari la Model T kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, kwa mabadiliko machache. Katika miaka ya 1920 mshindani wake, General Motors chini ya Alfred Sloan, alifuata njia nyingine: kubadili sura na rangi ya gari kila mwaka ili mwenye gari zima alione la kwake kuwa limechakaa. Ford alishindwa katika soko. Tangu hapo wafanyabiashara wanajua kwamba chombo kinaweza kuzeeka machoni pa mwenyewe kabla hakijazeeka kwa kazi.

Tukizitazama iPhone kwa kipimo chetu, tutaona miaka iliyofaulu. Duka la programu la mwaka 2008, kamera ya mbele ya mwaka 2010 na kufungua simu kwa alama ya kidole mwaka 2013 vilileta uwezo mpya kwa watumiaji wake. Lakini tutaona pia miaka ambayo jambo lililozungumzwa sana lilikuwa ni kile kilichoondolewa: mwaka 2016 tundu la spika za masikioni, na mwaka 2020 chaja ndani ya boksi. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikizipunguza kasi baadhi ya simu zake ambazo betri zimedhoofu, ili zisizimike ghafla. Mwenye simu hakuwa ameelezwa vya kutosha, naye alidhani simu imekwisha, kumbe dawa yake ilikuwa betri mpya. Mwaka 2018 kampuni ilipunguza bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29.

Haki na isemwe

Watetezi wa matoleo ya kila mwaka wana hoja, nasi hatuna budi kuisikiliza. Haba na haba hujaza kibaba: tofauti ya mwaka mmoja ni ndogo, lakini tofauti ya miaka kumi ni kubwa mno katika kamera, kasi na betri. Tena kilichokuwa cha anasa mwaka huu hushuka kikafika katika simu ya bei nafuu baada ya miaka michache. Hayo ni kweli. Lakini hoja hiyo yathibitisha kwamba kampuni hufanya kazi kila mwaka. Haithibitishi kwamba mnunuzi anunue kila mwaka. Anayengoja miaka mitano au sita hupata kibaba kizima kwa bei ya mara moja.

Jambo hili si la mzaha kwa watu wa kipato cha mpakani. Mwaka 2020 Safaricom ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alitanguliza shilingi 1,000, kisha akalipa shilingi 20 kila siku hadi simu iwe yake. Mipango ya namna hiyo imewafikisha wengi kwenye intaneti, na hilo ni jema. Hata hivyo simu za mkopo zaweza kufungwa kutoka mbali mteja akichelewa kulipa. Huu nao ni uvumbuzi, ila uwezo mpya hapa ni wa muuzaji.

Walimu wenzetu wanakumbuka pia shule zilipofungwa Machi 2020. Upande wa Kenya wanafunzi wote walirudi darasani Januari 2021. Upande wa Uganda shule zilifunguliwa kwa makundi, zikafungwa tena Juni 2021, na wanafunzi wengi wa madarasa ya chini walingoja hadi Januari 2022. Watoto wa mji mmoja wa Busia walitenganishwa na mwaka mzima wa masomo. Mtoto aliyekaa nyumbani hakuwa na haja ya kamera ya tatu nyuma ya simu. Alihitaji simu yoyote yenye chaji, kifurushi cha intaneti, na somo linaloeleweka.

Hitimisho

Tumeona kwamba mto juu ya keria, laini mbili, tochi, vocha iliyosomwa kwa sauti, na fedha zilizopita katika ujumbe mfupi vilitokana na haja iliyojulikana, na vyote vilimwongezea mtu uwezo. Kwa kipimo hicho, baadhi ya matoleo ya simu yamekuwa uvumbuzi, na mengi yamekuwa matoleo tu. Tunapendekeza walimu wawape wanafunzi zoezi hili katika mjadala au insha: wachukue tangazo la simu mpya, wapigie mstari kila sifa iliyotajwa, kisha waandike kando yake ni kazi gani itakayowezekana ambayo simu ya nyumbani haiiwezi. Watajifunza Kiswahili cha hoja, na watajifunza kulinda mfuko.

Na mwenzetu anayeshawishika kununua naye ajiulize swali hilo hilo. Akilipata jibu, na anunue kwa heri. Akilikosa, aende kwa fundi akabadilishiwe betri.