Utenganisho (takwimu)

Utenganisho ni hali inayotokea katika regresheni ya lojistiki pale ambapo kigeu kimoja, au vigeu kadhaa kwa pamoja, hutabiri matokeo bila kukosea. Huonekana zaidi katika utafiti wa tiba wenye wagonjwa wachache. Mwaka 1984 A. Albert na J. A. Anderson walitofautisha utenganisho kamili na ule unaokaribia kamili, ambao hautabiri bila kosa isipokuwa kwa sehemu ya data.

Mfano maarufu ni data ya wagonjwa 79 wa kansa ya utando wa mji wa mimba. Kati yao 30 walikuwa na kansa ya daraja la juu na 49 ya daraja la chini. Wagonjwa 13 walikuwa na mishipa mipya ya damu, na wote 13 wamo katika lile kundi la 30. Ili kupata uwiano wa uwezekano, 13 × 49 hugawanywa kwa 0 × 17, yaani kwa sifuri. Kompyuta huendelea kukuza makadirio hadi inapokoma, na namba inayochapishwa haina maana yoyote. Kosa sanifu nalo huwa kubwa mno, hivyo jaribio la Wald huonyesha kwamba kigeu hicho hakina uzito, ingawa ndicho chenye nguvu kuliko vyote.

Watafiti wengi hukifuta kigeu hicho. Programu ya Stata hukiondoa yenyewe, pamoja na wagonjwa wale 13. Hilo ni kosa, kwa kuwa dalili kubwa ya hatari hupotea.

Georg Heinze na Michael Schemper walionyesha mwaka 2002 kwamba mbinu ya David Firth ya mwaka 1993, iliyobuniwa kupunguza upendeleo wa makadirio, hutatua tatizo hili. Kwa kigeu kimoja cha ndiyo au hapana, ni sawa na kuongeza 0.5 katika kila chumba cha jedwali: 13.5 × 49.5 ÷ (0.5 × 17.5), takriban 76. Mipaka ya uhakika isikokotolewe kwa njia ya Wald. Mbinu za Bayes hutumika pia.

Kabla ya yote data hukaguliwa, kwani wakati mwingine kigeu "kinachotabiri" ni matokeo yenyewe kwa jina lingine, kwa mfano dawa inayotolewa kwa waliokwisha kuthibitishwa kuugua tu.