Mwanafunzi na Matuta ya Uluguru

Chuo cha Kilimo Morogoro kilipogeuzwa kitivo mwaka 1969, milima ya Uluguru ilikuwa imekwisha kuwaumbua wataalamu wa mkoloni. Katika miaka ya 1950 Mwingereza aliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Ilikuwa shokoa tupu: udongo wenye rutuba ulifukiwa, ule mfu ukaachwa juu. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walikataa, damu ikamwagika, mpango ukafa.

Kitivo hicho ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984. Mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, anapofanya utafiti wake mwenyewe, tunamtaka aanze na kuuliza. Akiwauliza wanaume peke yao atashuka na nusu ya jibu, maana kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama.