Bustani ya Pamoja, Kiangazi cha Nani?

Neno kiangazi hutupotosha tunaposoma habari za bustani za Ulaya. Huku kwetu kiangazi ni jua na vumbi, na mchicha unaonyauka kabla haujachumwa. Anayetaka mboga mwezi wa Agosti sharti awe na bonde, kisima au mfereji. Kule kaskazini kiangazi ndicho masika yao. Mvua inanyesha bado, jua la Juni linachelewa kuzama hadi saa tatu usiku na ushee, na mimea inakua kana kwamba inafukuzwa. Ndiyo maana nikizilinganisha bustani za pamoja za huku na za kule siulizi wenzetu wamevuna nini. Nauliza hao wanaosema wana bustani moja wanashirikiana nini hasa.

Tuanzie Leipzig. Mwaka 1864 mkuu wa shule, Ernst Innozenz Hauschild, alianzisha chama akakipa jina la tabibu Moritz Schreber, ambaye alikuwa amekwisha kufariki miaka mitatu nyuma na wala hakuwahi kukisikia. Nia ilikuwa kupata uwanja wa watoto kuchezea. Mwalimu Karl Gesell akaongeza vitalu pembezoni mwa uwanja ili watoto wajifunze kulima. Watoto, kama watoto wa popote, walichoka na palizi. Wazazi wakashika majembe, baadaye wakazungushia uzio, na mwisho kila familia ikawa na kipande chake. Mpaka leo Wajerumani wanaziita bustani hizo kwa jina la yule tabibu.

Sheria yao ya mwaka 1983 inasema kipande kisizidi mita za mraba 400, na kibanda kilichomo, pamoja na baraza yake, kisizidi mita za mraba 24, wala mtu asihamie humo. Mwaka 2004 mahakama kuu yao iliamua kwamba kwa kawaida walau theluthi ya eneo iwe ya mboga na matunda; huwezi kujaza maua na viti vya kupumzikia ukajiita mkulima. Juu ya sheria ya nchi zipo kanuni za chama chenyewe: urefu wa ua, saa za utulivu mchana ambapo mashine ya kukatia nyasi hainguRumi. Msomaji wa kwetu atacheka, atasema huo si ushirika, ni gereza la mchicha. Nami nilicheka. Lakini hebu fikiria mji ambao watu wamebanana ghorofani, na orodha ya wanaosubiri kipande ni ndefu. Pale udongo ndio dhahabu, na kila kanuni ni njia ya kuzuia kipande kisigeuke nyumba ya mapumziko ya mtu mmoja.

Uingereza walifika hapo hapo kwa njia chungu zaidi. Ardhi ya malisho ya kijiji, iliyokuwa ya wote, ilizungushiwa ua na wenye nguvu kwa karne kadhaa, na vipande vya mboga vya maskini vikaja kama fidia ndogo. Sheria ya mwaka 1908 ikazibana serikali za mitaa ziwapatie watu vipande hivyo. Cha kawaida ni kama mita za mraba 250. Ile ya 1922 ikafafanua kwamba mazao yawe hasa ya kuliwa na mkulima na familia yake. Sharti hilo ndilo linaloleta kichekesho cha Agosti. Mumunye uliloliacha Jumamosi likiwa kama kidole, Jumamosi inayofuata ni mguu wa mtoto. Kwa kuwa kipande hakikutolewa kwa biashara, mamumunye yanagawiwa jirani, yanapelekwa kazini, yanaachwa mlangoni kwa mtu ambaye hakuomba. Ukarimu huo unanifurahisha, ila tusiukuze. Mtu anagawa kilichomzidi. Ardhi, iliyo haba, kila mmoja amepimiwa yake kwa kamba.

Sasa tushuke Upareni, kwenye miteremko ya wilaya ya Same, ambako ardhi ya kulima ipo na maji ndiyo taabu. Wapare wana ndiva: bwawa dogo linalojengwa kwenye njia ya mfereji, linalokusanya maji usiku kucha na kufunguliwa mchana ili yateremke mashambani kwa zamu. Ndiva ya Manoo, kijijini Bangalala, ni mojawapo. Shamba ni la mwenyewe, mahindi ni ya mwenyewe, maharage ni ya mwenyewe. Lakini tope likijaa ndani ya ndiva au ukingo wa mfereji ukibomoka, hakuna wa kusema hayamhusu. Hapo unaitishwa msaragambo, kazi ya pamoja. Watu wanatoka na majembe na makoleo, wanazoa tope, wanaziba nyufa. Asiyetokea anatozwa faini, au anaona zamu yake ya maji ikimpita. Na zamu ikikupita kiangazi, huna haja ya kuelezwa kosa lako, nyanya zitakueleza.

Kwa hiyo Leipzig na Bangalala, ambazo kwa macho hazifanani hata kidogo, zimejengwa juu ya jambo moja: watu huwekeana masharti makali kwenye kile kilicho haba, na kila kingine humwachia mtu afanye atakavyo. Mjerumani hukaguliwa ardhi, Mpare hukaguliwa maji.

Kipimo hicho kinanisaidia kulitazama upya shamba la ujamaa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na hasa watu walipohamishiwa vijijini kati ya 1973 na 1976, vijiji vingi vilitenga shamba la pamoja. Sababu za kudorora kwake zimeelezwa sana: uvivu, usimamizi mbovu, amri kutoka juu. Mimi naongeza moja. Mahali pengi ardhi haikuwa haba. Kilichokuwa haba ni siku za mwanzo wa mvua, zile wiki chache ambazo palizi ikichelewa njaa inaingia. Shamba la pamoja lilidai siku hizo hizo. Mama aliyeitwa kulima la kijiji aliliacha la nyumbani likimezwa na magugu, na mavuno ya pamoja yakigawanywa yalikuwa hayatoshi kulifidia. Aliyekwepa hakuwa mvivu. Alikuwa amepiga hesabu.

Litowa inanisumbua katika hoja hii, sitaficha. Kijiji hicho cha Ruvuma kililima pamoja kwa hiari miaka ya 1960, na kilikuwa mfano wa vingine, mpaka chama chao cha maendeleo kilipovunjwa mwaka 1969. Siku za mvua zilikuwa haba kwao pia. Tofauti ninayoiona ni kwamba siku hizo walizigawa wenyewe, kama wenye ndiva wanavyogawa maji.

Jaribio jingine linaendelea mbali, katika jimbo la Maine, Marekani. Wamo huko wazao wa Wazigua waliopelekwa Somalia utumwani karne ya 19 kutoka bara la Tanga, wakatorokea misitu ya bonde la Juba na kulima huko vizazi kadhaa. Vita vya 1991 viliwasukuma hadi kambi za Kenya, kisha wengine Marekani. Karibu na mji wa Lewiston wao na ndugu zao wa Juba wana shamba wanaloliita Juba Ndogo. Familia zina vipande vya chakula cha nyumbani, na pembeni viko vikundi vinavyolima pamoja na kugawana mapato. Vinaitwa iskashito, neno la Kisomali la ushirika. Ukiwaona shambani, vipande ni vya Kiingereza, kazi ni ya msaragambo.

Wanapanda mahindi magumu ya kusaga unga, yale ya kupikia ugali wa kwao. Bondeni Juba mahindi yalingoja mto ufurike na kupungua, na aliyechelewa aliweza kungoja maji mengine. Maine hakuna mengine. Ardhi wameipata, maji yapo. Haba ni siku: mahindi hayo yanataka muda mrefu kukomaa na kukaukia kwenye bua, na mwishoni mwa Septemba jalidi inaweza kushuka usiku mmoja tu, ikakuta kipande cha mgonjwa bado hakijavunwa. Hapo iskashito inaamua jioni hiyo hiyo ni kipande cha nani kianzwe.