Majina ya Same na Pare katika Kinywa cha Mwingereza

Jina ni mali ya mwenyewe, ila wanaolitumia zaidi ni wengine. Kwa hiyo hali ya jina hutegemea kinywa kilitamkacho na jicho lilisomalo. Katika Tanzania jambo hili ladhihirika sana Same, mji ulio chini ya Milima ya Upare, kwenye njia kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Msomaji wa Kiswahili aonapo herufi hizo nne hutamka silabi mbili, sa na me, akaitia mkazo ile ya kwanza. Msomaji wa Kiingereza aonapo herufi zizo hizo hutamka silabi moja, seim, na maana imjiayo ni 'ile ile' au 'sawa'. Jina la milima nalo halikusalimika: pare kwa Kiingereza ni kumenya, au kupunguza kitu kidogo kidogo kwa kisu.

Yaweza kudhaniwa kuwa huu ni mzaha tu wa herufi. Lakini tutazame hati iliyoandikwa kwa Kiingereza, isemayo kwamba mama alizaliwa wilaya ya Moshi na mtoto akazaliwa wilaya ya Same. Msomaji wa mbali aweza kufahamu kuwa wote wawili walizaliwa Moshi, maana ameambiwa 'wilaya ile ile'. Siku hizi mashine za kutafsiri nazo zaweza kuingia katika shimo hilo. Hapo mji mzima hutoweka katika karatasi, na mtu hupewa asili isiyo yake.

Kosa hili lina historia, nayo yaanzia Uingereza. Neno same liliingia katika Kiingereza kutoka lugha za watu wa Skandinavia waliolowea nchini humo. Katika zama za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, a yake ilikuwa a hasa, na irabu ya mwisho, ingawa hafifu, ilikuwa bado ikisikika, hasa katika ushairi. Neno pare, lililotoka Kifaransa, lilikuwa na hali hiyo hiyo. Basi Mwingereza wa zama zile angalisoma majina ya Same na Pare karibu sawa na tuyasomavyo sisi. Baadaye irabu ya mwisho ilikufa, na irabu ndefu zikahama mahali pake kwa muda wa karne kadhaa. Lakini William Caxton alikuwa amekwisha kuleta mtambo wa kupiga chapa mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda kabla ya matamshi kutulia. Kiingereza cha leo chavaa nguo zilizoshonwa kwa kipimo cha babu yake.

Kiswahili kwa herufi za Kirumi kilipata bahati nyingine. Askofu Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 kutokana na kazi yake Unguja, aliandika konsonanti kwa desturi ya Kiingereza, lakini irabu aliziandika kwa desturi ya Kitaliano. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha tahajia ya lugha hii, na irabu zikabaki na sauti zao. Twaona hapa jambo la ajabu: mkono wa Mwingereza ulisaidia kutunga kanuni ambayo jicho la Mwingereza laisahau lifikapo Same.

Tofauti ya matamshi huleta tofauti ya vina. Kwa Mwingereza, Same yapatana na neno lake la jina, la sifa na la lawama. Kwa malenga wa Kiswahili yapatana na ukame, wala hilo si neno geni katika tambarare ile, ambayo hupata mvua kidogo huku vilele vya Shengena vikifunikwa na mawingu. Pare nayo yapatana na sare, yaani hali ya kuwa sawa. Hivyo kina cha Kiswahili cha jina moja chatoa maana ya Kiingereza ya jina la pili.

Usawa huo ulipata kudaiwa Same kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilileta Upareni kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kiasi chake kilitegemea makisio ya mali ya kila mlipaji. Wananchi waliikataa, wakitaka kila mtu atozwe kiwango kimoja. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao ya wilaya, wakakaa huko muda mrefu. Wanawake nao waliingia katika harakati hizo. Hatimaye kodi hiyo iliondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyekuwa mwana wa Upare, aliyaandika mambo hayo kwa urefu. Watu wale hawakuhitaji neno la Kiingereza kujua usawa ni nini.

Majina ya watu yamo hatarini vile vile. Elinami ni jina lipendwalo Upareni na Uchagani. Limeungwa kwa Eli, neno la Kiebrania la Mungu, na nami ya Kiswahili: Mungu yu pamoja nami. Likisemwa upesi mbele ya sikio la Kiingereza, hukaribia neno lao la adui. Mwenye jina hili huko ughaibuni aweza kushawishika kulikata au kulibadili.

Wako wanaoona kwamba dawa ni kuweka alama juu ya irabu ya mwisho ya Same ili mgeni asikosee. Lakini alama hiyo humwalika kuhamisha mkazo, na huku ni kutibu jicho kwa kuumiza sikio. Bora kuyaacha majina yalivyo, na kumfundisha mgeni kanuni moja tu, kwamba kila irabu husomwa. Katika hati za Kiingereza yapasa kuandika 'mji wa Same, Tanzania' kwa ukamilifu. Kazi hiyo ni ndogo, na mtu hubaki na mahali alipozaliwa.