Usafirishaji wa chakula cha wakimbizi, Kibondo na Kasulu

Usafirishaji wa chakula cha wakimbizi ni huduma ya ugavi ambayo Mpango wa Chakula Duniani (WFP) huwapa kwa mkataba wenye malori binafsi. Mkoani Kigoma, huduma hiyo imehusu kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta ya Kibondo, iliyofunguliwa tena 2015 kwa ajili ya Warundi. Utendaji hupimwa kwa hati ya mzigo: magunia yaliyopakiwa hulinganishwa na yaliyopokelewa, yaliyochanika au kulowa huandikwa kando, na upungufu hukatwa kwenye malipo ya msafirishaji. Siku za safari ni kipimo dhaifu zaidi, kwani mvua za Novemba hadi Aprili humkwamisha hata dereva mahiri. Kwa sababu hiyo, akiba ya ghalani hupunguza athari za ucheleweshaji zaidi kuliko kumtoza msafirishaji faini.